Mama Viraka na Daraja Lililonyimwa Pumzi

Saa saba mchana, jua liko utosini na watu wenye akili zao wamejikalia kivulini. Mama Viraka naye yuko kivulini, ila kivuli chake kiko chini ya daraja. Amejikunyata kwenye kibaraza chembamba cha zege, kati ya mihimili na ukuta ambao daraja linaanzia, tochi mdomoni, anatazama kipande cha kioo.

Kioo chenyewe ni chembamba, urefu wake kama kidole. Kimegandishwa kwa gundi ngumu juu ya ufa uliopasua ukuta. Ncha moja imeshika upande huu wa ufa, nyingine upande ule. Ufa ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Hakina ujanja mwingine.

"Kizima," anasema baada ya kutoa tochi mdomoni. Kisha anakisogelea na kukitazama upya, kama mtu anayehakikisha mlango ameufunga. "Kizima. Haya, tushuke."

Lori la mizigo linapita juu yetu. Daraja linaguruma, vumbi linamwagika shingoni, na mwandishi wa makala haya anashtuka na kugonga kichwa kwenye mhimili.

"Pole," anasema bila kugeuka. "Kila mgeni lazima asalimiane na huo. Mhandisi wetu alipokuja mara ya kwanza aligonga akienda, akagonga akirudi."

Kwa nini aje saa hizi za kuungua, badala ya asubuhi na ubaridi wake? Anacheka. "Asubuhi daraja limejikunja, halina neno na mtu. Jua likikolea ndipo linapojinyoosha. Ukitaka kumjua mtu mtazame akiwa amekasirika, na daraja ni hivyo hivyo."

Kesho mhandisi wa idara ya barabara anakuja kukitazama kioo hicho. Akikikuta kizima, ina maana ukuta umetulia, na malori yataendelea kupita. Akikikuta kimekatika, malori yatapigwa marufuku mpaka ukuta ujengwe upya, na jinsi mafungu ya fedha yanavyotembea, hiyo yaweza kuwa miaka. Malori yatazungukia barabara ya zamani, nyuma ya vilima.

Yakihama, mtaa huu wa darajani umekufa. Mafundi wa matairi, nyumba za kulala wageni, gereji, wauza vocha, wote watafunga. Na wa kwanza kufunga atakuwa mwenye mgahawa ulio karibu kabisa na daraja, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye madereva humwita Shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa Mama Viraka, baba mmoja mama mmoja. Tangu joto lianze, hawajasemezana.

*

Mama Viraka aliingia kazini kama kibarua wa kufyeka nyasi kando ya barabara, mtoto mgongoni. Baadaye akapewa koleo, kisha akapewa kazi ya kuchemsha lami, ambayo ilimwachia kovu lililokunjamana kwenye mkono wa kushoto. Leo ni msimamizi wa kikosi cha matengenezo: watu kumi na wawili, lori moja linalowaka likitaka, na kipande cha barabara kuu kinachoanzia njia panda mpaka ng'ambo ya daraja.

Jina la Viraka alipewa na madereva. "Mwanzoni nililichukia. Nguo ya viraka ni nguo ya dhiki. Halafu nikasema, potelea mbali, viraka vyangu si vinashika?"

Vinashika kwa sababu havitaki mchezo. Shimo la barabara kwake halijazwi kama lilivyo. Kwanza linakatwa kingo zake mpaka zisimame wima, linafagiliwa, linasubiriwa likauke, linapakwa lami nyepesi ya kushikia. Ndipo linajazwa na kushindiliwa. Msaidizi wake, jamaa mrefu ambaye kikosi kizima kinamwita Koleo, anasema vijana wapya humkimbia wiki ya kwanza.

"Atakufagilisha shimo mpaka ujiulize kama unajiandaa kulalia," anasema Koleo. "Lakini njoo baada ya mvua. Viraka vya wengine vimekwenda na maji, vya kwetu vipo."

Kazi yenyewe haina mwisho. Mvua zikikaribia, mitaro na makalavati yanazibuliwa. Zikiisha, mashimo yanazibwa. Kiangazi, nyufa za lami zinajazwa moja moja kabla maji hayajazijua. Matundu ya kutolea maji darajani yanachokolewa kwa nondo, maana kila siku kuna mtu anayetupa chupa dirishani. "Watu wanadhani barabara inauawa na malori," anasema. "Lori linaumiza tu. Muuaji ni maji."

Na hapa niseme langu. Barabara ikizinduliwa, mikasi huletwa juu ya sinia, utepe hukatwa, hotuba hutolewa mpaka watu wanasinzia. Mtaro ukizibuliwa, hakuna hata wa kumpa mzibuaji maji ya kunywa. Wakubwa hupita, husimamisha gari, husema usipoziba ufa utajenga ukuta, hupandisha kioo cha gari, huondoka.

"Hiyo methali nimeichoka," anasema Mama Viraka. "Wote wanaijua. Wa kushika ndoo ya lami ndiye haonekani."

Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili, chakula, na ada ya mtoto mmoja. Ada ya mtoto wa pili hulipwa na Shangazi, kutoka kwenye sufuria zile zile zinazolisha madereva. Mume wake ni mlinzi wa usiku. "Tunakutana mlangoni," anasema, "yeye anaingia, mimi natoka. Ndiyo maana hatugombani. Tutagombana saa ngapi?"

Kugombana alikuja kugombana na dada yake.

*

Daraja lina mwanya. Ni nafasi ya upana wa vidole vitatu, imekata barabara kutoka ukingo hadi ukingo, pale sakafu ya daraja inapokutana na nchi kavu. Gari likipita linagonga: ga-dum. Madereva wanaulaani. Umekula matairi, umemwaga chai, umeamsha watoto waliolala.

Mwaka jana, mafuriko yalipozoa kalavati kule njia panda, kikosi kizima kilihamishiwa huko kwa miezi kadhaa. Daraja likabaki na Mungu. Na Shangazi, ambaye hajawahi kuona kitu kibaya akakaa kimya, akaamua kulitengeneza.

"Madereva ni watoto wangu," ananiambia Shangazi mgahawani, huku akipangusa meza ambayo tayari ni safi. "Kila mmoja akiketi hapa ni mwanya, mwanya. Nikasema jamani, kidole kimoja hakivunji chawa. Changeni. Wakachanga. Nikamleta fundi mwashi wa uhakika, akaujaza saruji na kokoto, akaupiga fagio. Ukawa laini kama sakafu ya sebule."

Siku hiyo aliwalisha watu bure. Magari yakapita bila kugonga, honi zikalia kwa furaha, madereva wakamvalisha kofia na kumtawaza Waziri wa Barabara. Wema mtupu, na kila mtu aliyekuwapo alishangilia.

Mama Viraka aliporudi na kikosi chake, alijua kabla hajaona. Lori lao lilipanda darajani kimya kimya.

"Niliingojea ga-dum, sikuisikia," anakumbuka. "Nikamwambia dereva simama. Nikashuka, nikaona saruji, nikaona watu wananipungia mkono. Nikasema, mama yangu wee."

Alitoa taarifa siku ile ile. Lakini kuvunja kitu darajani kunataka kibali, na kibali kinatembea kwa miguu. Joto likatangulia kufika.

Mhandisi wa idara, kijana mpole mwenye tabia ya kuchora chini kwa kijiti anapoeleza jambo, alinifafanulia yaliyofuata. Daraja lile likipata jua hurefuka. Si sana, mtu hawezi kuona kwa macho, lakini nguvu yake haizuiliki. Ule mwanya ndio nafasi yake ya kujinyooshea. "Walipoujaza saruji, daraja likawa halina pa kwenda," alisema. "Likausukuma ukuta. Ukuta ukapasuka."

Koleo, aliyekuwa akisikiliza, hakuweza kujizuia. "Yaani kwetu mambo ni kinyume. Walioziba mwanya ndio watakaojenga ukuta!"

Mama Viraka hakucheka. Siku zile, ukuta ulipokwisha pasuka, amri ya kuvunja saruji ilimfikia jioni, na alikuwa na simu mkononi.

"Ningempigia dada," anasema. "Namba yake naijua kwa kichwa. Lakini namjua pia. Angelia. Na akilia yeye, mimi nakuwa mtoto. Ningesema basi, tusubiri kesho kutwa. Na lile daraja halikuwa la kusubiri."

Hakupiga. Asubuhi akafika na koni, vibendera na mashine ya kuvunjia zege, mbele ya mgahawa uliojaa wanywa chai. Shangazi alitoka na mwiko mkononi akakuta mdogo wake anaipasua kazi yake, vumbi likiingia kwenye sufuria. Madereva, ambao mdomo wao hauna breki, wakapiga kelele: "Waziri kapinduliwa! Kapinduliwa na ndugu yake!"

Shangazi aliingia ndani akafunga mlango. Mgahawa haukufunguliwa tena siku hiyo.

*

Tangu hapo, mawasiliano ya ndugu hawa wawili yamekuwa ya kupitia mtoto. Ada ya muhula ilipofika, Shangazi aliilipa yote, akamwambia binti: "Mwambie mama yako imelipwa." Mama Viraka akamwambia binti: "Mwambie mama mkubwa ahsante." Binti, mwenye miaka kumi na mitatu, akawaambia wote wawili kwamba yeye si posta.

Namuuliza Shangazi, pale mgahawani, kama bado ana hasira ya saruji.

"Saruji?" Anaweka kitambaa chini. "Saruji nilikosea. Mhandisi alikuja hapa akanichorea na kijiti, nikaelewa. Mimi si mjinga. Angekuja akasema, dada, ulichokifanya ni kibaya, kesho nakivunja, ningetoka na nyundo yangu nikamsaidia. Mimi ndiye niliyemlea yule. Mama alipougua, nani alimsuka nywele? Nani alimpeleka shule? Halafu aje anivunjie mbele ya watu kama anavunja banda la mwizi." Macho yamemjaa machozi na hayafichi. "Wanasema ukubwa jalala. Sawa. Lakini hata jalala, mtu akitaka kumwaga taka, husema hodi."

Maneno hayo sikuyapeleka kokote. Si kazi ya mwandishi kubeba ya huku kupeleka kule. Lakini Koleo hula chakula chake cha mchana kwenye mgahawa ule ule, na Koleo ana masikio makubwa kuliko koleo lake.

Kwa hiyo alasiri hii, siku moja kabla ya mhandisi kuja, Mama Viraka anatoka chini ya daraja, ananawa uso kwenye pipa la maji, anavua koti lake la njano linalong'aa, analikunja na kulishika mkononi. Anavuka barabara. Mgahawani kuna madereva watano wanakula. Kumbe amewachagua. Angeweza kungoja waondoke.

"Shikamoo dada."

Shangazi anakoroga sufuria. Salamu hiyo haijibiki kwa kukaa kimya, na wote wawili wanalijua hilo. "Marahaba," anasema hatimaye, akiiambia sufuria.

"Nimekuja kusema mbele ya hawa, kwa sababu mbele ya hawa ndipo nilipokukosea. Kwa kuvunja siombi radhi. Ikibidi kesho nitavunja tena. Lakini nilipaswa kuja kwako kwanza. Sikuja kwa sababu niliyaogopa machozi yako. Kwa hilo nimekosa, dada yangu. Nisamehe."

Hakuna anayetafuna. Dereva mmoja ameshika tonge hewani, halirudi wala haliendi.

"Na hicho kioo chako," anauliza Shangazi, "kikoje?"

"Kizima mpaka sasa. Cha kesho sikijui."

"Kikikatika?"

"Kikikatika, malori yanaondoka. Na mimi ndiye nitakayeweka vizuizi."

Shangazi anageuka, anamtazama mdogo wake kuanzia kovu la mkono mpaka viatu vilivyoganda lami. "Umekonda," anasema. "Kaa ule. Na nyinyi mnatazama nini, hapa ni sinema?"

*

Siku ya pili kuna joto kuliko zote za wiki. Lami imelainika, inashika soli. Mhandisi anafika saa nane kasoro, saa ile ambayo daraja limejinyoosha mpaka mwisho wake, maana naye hataki kudanganywa na ubaridi. Kikosi kimesimama kando. Mafundi wa matairi wameacha matairi. Hakuna aliyewaita.

Mama Viraka anatangulia kupanda kwenye kibaraza, mhandisi nyuma yake. Tunamsikia mhandisi akigonga kichwa. Leo hakuna anayecheka.

Huku chini, watu wanahesabu malori yanayopita juu, wanasikia ga-dum, ga-dum. Mwanya uko wazi tena, umesafishwa mpaka chini, mchanga na kokoto vimetolewa kwa mkono, na ndani yake umelazwa mpira unaokunjika, wa kuzuia maji bila kulizuia daraja. Kazi hiyo kikosi kiliifanya kwa magoti, nusu barabara kwa nusu barabara, huku magari yakipita ubavuni.

Shangazi ameshuka mtaroni. Katika miaka yote aliyopika pale, hajawahi kukanyaga chini ya daraja. Ameshika khanga yake kwa mkono mmoja, mwingine kamshika Koleo bega, naye Koleo amepinda kwa uzito bila kulalamika.

Mhandisi anamulika kioo. Anapitisha kucha juu yake kutoka ncha hadi ncha. Anamulika gundi, anakagua kama imeachia, maana kioo kinaweza kuwa kizima kwa sababu gundi imeshindwa. Gundi imeshika. Anapima upana wa ufa kwa kijichuma chake, anapima mara ya pili.

"Haujasogea," anasema. "Ukuta umetulia, mama. Malori yabaki."

Mama Viraka anaweka paji la uso kwenye zege, anakaa hivyo muda. Wale wa chini ndio wanaopiga kelele, na fundi mmoja wa matairi anarusha spana juu na nusura impate kichwani.

Lakini mhandisi hajamaliza. Anashuka, anaokota kijiti, anachora. Ukuta umepona, ufa utajazwa na kufungwa. Ila mihimili imekalia vipande vya mpira mnene, na mipira hiyo imezeeka, imebonyea na kupasuka kama ndala za mwaka juzi. Mvua zikiisha, daraja litainuliwa kwa jeki, kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono, mipira itolewe na mipya iingizwe. Siku hizo malori yatavuka moja moja, polepole. Anayetaka kuharakisha ataua watu walio chini.

"Na chini nitakuwa mimi," anasema Mama Viraka. Ameshapangusa uso. "Hiyo kazi nimeingoja miaka. Nimewaomba idara hii mipira tangu huyu wangu mdogo yuko chekechea. Siruhusu mtu mwingine aiguse."

"Na juu tutamweka nani?" anauliza mhandisi. "Madereva hawa hawamsikilizi mtu. Wanaona kibendera kama pambo."

Watu wanatazamana, halafu wote wanamtazama mtu mmoja. Mama Viraka anafungua mdomo, anaufunga. Mdogo hamtumi mkubwa, achilia mbali mbele ya watu.

Shangazi anajishusha mpaka kwenye jiwe, anaketi, anajipepea kwa ncha ya khanga. Anatazama mihimili juu yake, anatazama kile kibaraza ambako mdogo wake atashinda siku zote hizo, daraja zima likiwa limeshikiliwa na jeki.

"Nitasimama mimi," anasema. "Atakayepita bila ruhusa yangu hatakula hapa mpaka anakufa. Lakini siku mnapoanza kuliinua, mtu aniambie mapema. Nisije nikasikia kwa wapita njia."

"Nitakuambia mimi, dada."

"Lini?"

"Kabla ya kikosi," anasema Mama Viraka, akivaa tena koti lake la njano. "Kabla ya mume wangu. Nitakuja mwenyewe, na kama ni kulia, tutalia kwanza, halafu twende kazini."